Delta haiachi gofu: Rufiji, Rhapta na miji iliyokimbiwa na bahari

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kibiti, na upande wa mama asili yetu ni ndani kabisa ya delta ya Rufiji. Nimesoma kwamba bandari ya kale ya Rhapta huenda ilikuwa huko kwetu. Kama ni kweli, mbona hakuna hata ukuta mmoja, wakati Kilwa magofu yamesimama hadi leo? Na watu wa kale walipata wapi moyo wa kukaa mahali ambapo mto unahama na bahari inakula ardhi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza.

Kuhama kwa mto ndiko kulikowalisha watu wa delta. Mafuriko yanaposhuka huacha udongo mpya ambao hauhitaji mbolea. Maji baridi yanapokutana na chumvi, kamba na samaki huzaliana kwa wingi, na tope jipya likishatulia huota mikoko, yaani kuni, boriti na makazi ya kaa. Aliyekaa pale hakukaa kwa kukosa pa kwenda. Alipachagua, akajenga akijua kwamba siku moja atahama. Kwa hiyo usitafute ukuta. Nyumba ya miti na udongo ilimtosha, na mji wake ulikuwa ni watu, ngalawa na gati la mchanga kuliko majengo.

Sasa twende taratibu, kwa sababu kuna mambo ya bahari yenyewe ambayo usipoyajua, pwani yote ya Afrika Mashariki itakuwa fumbo.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya hapa ilipo leo kwa takriban mita 120. Mafia haikuwa kisiwa. Unguja nayo ilikuwa imeshikana na bara, na ushahidi wake upo kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambako mifupa ya pundamilia imechimbuliwa kwenye tabaka zenye athari za wanadamu. Pundamilia hakuogelea kuja Unguja, alikuja kwa miguu pamoja na waliomwinda. Mito ya wakati ule ilikuwa na safari ndefu zaidi kufika baharini, na ilikata mabonde yenye kina kirefu ndani ya mwamba wa matumbawe uliokuwa umebaki mkavu.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuyajaza mabonde hayo. Kupanda kwake kulipungua kasi kama miaka 7,000 iliyopita, na hapo ndipo delta nyingi za dunia zilipoanza kujengeka: Nile, Mekong, Mississippi, na hii ya kwetu pia. Kabla ya hapo hapakuwa na mahali pa kudumu ambapo mto ungeweza kuutua mzigo wake, kwa sababu ufuo ulikuwa ukirudi nyuma kila kizazi.

Kuanzia hapo milango ya mito yetu ikagawanyika njia mbili, na naomba uishike tofauti hii.

Mito midogo ilileta udongo kidogo. Mabonde yao yaliyozama hayakujaa, yakabaki kuwa hori zenye kina, yaani mikono ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu. Kilindini na Tudor zinazoizunguka Mombasa ni hori za namna hiyo, Mtwapa na Kilifi vilevile, bandari ya Dar es Salaam, Lindi, na maji yanayoizunguka Kilwa Kisiwani. Kando yake umesimama mwamba wa matumbawe uliojengeka zama za mbali sana, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mwamba hauhami. Una mawe ya kujengea, una chokaa, na chombo kinaweza kuingia ndani ya hori kikajificha na pepo. Tazama ilipo miji ya mawe ya Waswahili, kama Mombasa, Mtwapa, Mnarani na Kilwa: mingi iko juu ya mwamba wa aina hii.

Mto mkubwa ni jambo jingine. Bonde la Rufiji linakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, tangu nyanda za juu za kusini hadi Kilombero. Udongo wa huko ni mwingi mno kwa hori yoyote. Bonde lililozama lilijaa, likafurika, na mto ukaanza kujijengea ardhi kuelekea Mafia. Leo hapo ndipo ulipo msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki. Hakuna mwamba wala jiwe, na mwenye kutaka chokaa ilimbidi aifuate visiwani.

Nikueleze jinsi tope linavyojenga ardhi, kwa sababu watu wengi hudhani mto unamwaga tu kama mtu anayemimina mchanga. Maji ya mto hubeba chembe laini sana za mfinyanzi. Katika maji baridi chembe hizo husukumana na kubaki zikielea, hata safari ya siku nyingi haizizamishi. Zikigusa chumvi tu, hunatana, huwa mabonge madogo, na mabonge huzama. Ndiyo maana tope hujaa pale pale maji ya aina mbili yanapokutana, wala si juu zaidi mtoni au mbali zaidi baharini. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, husukuma mahali hapo ndani, maji mafu, yaani maji madogo, hupaacha parudi nje, na masika husogeza kila kitu. Fungu likishainuka kiasi cha kukauka maji yanapokupwa, mikoko hulikamata. Mlilana hutangulia mbele kuelekea bahari kuu, mkoko hufuata kwenye mikono ya mto, nyuma yake mkandaa, na mchu utaukuta mbele na nyuma. Mizizi hupunguza kasi ya maji, tope zaidi linatua, na fungu linakuwa kisiwa. Kisha mto, ukiona njia yake imekuwa ndefu na imeinuka, huivunja kingo siku ya mafuriko na kutafuta njia fupi.

Hili si jambo la kale tu. Wazee wa kwenu wanalikumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji ilihamia mikono ya kaskazini ya delta. Kusini chumvi ikazidi, kaskazini maji yakawa baridi zaidi, na wakulima wa mpunga wakayafuata, wakikata mikoko ili kupata mashamba mahali ambapo awali mpunga usingeota. Katika kizazi kimoja ramani ya nani analima wapi ilibadilika. Mtaalamu wa mambo ya kale atakayekuja baada ya miaka 1,000 atakuta kaskazini alama za makazi mapya, kusini mashamba yaliyoachwa, na kama hajui habari za mto atabuni vita au maradhi yaliyowafukuza watu.

Na kumbuka mafuriko ya 1968 na Operesheni Rufiji iliyofuata, serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni na kuwapandisha kwenye nchi ya juu. Watu walihama kwa makazi, lakini kwa kilimo waliendelea kushuka bondeni, wakilala kwenye madungu, yaani vibanda vya juu ya nguzo, wakati wa kulinda mpunga, na kupanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, maji yanapoondoka. Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa makazi ya kale ya delta: nyumba mahali pamoja, shamba mahali pengine, na dungu juu ya miti kwa ajili ya msimu. Dungu likioza halibakizi kitu ila mashimo ya nguzo, na mashimo hayo mafuriko ya mwaka unaofuata huyafukia.

Ukitaka kujua tope linavyomeza, chukua mfano wa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg. Ilijificha kwenye delta mwaka 1914, ikashambuliwa na kuachwa Julai 1915. Ilikuwa meli ya chuma yenye urefu wa mita zipatazo 115. Mizinga yake ilitolewa ikaburutwa nchi kavu kuendelea na vita, na mmojawapo unaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa. Vyuma vingine vilikatwa na watu wa vyuma chakavu miaka mingi baadaye. Kilichobaki kilizama taratibu ndani ya kitanda cha mto. Ikiwa meli ya chuma ilianza kufichwa na tope katika umri wa mtu mmoja, kijiji cha miti cha miaka 2,000 iliyopita utakiona wapi kwa macho?

Sasa Rhapta. Tunachokijua kimetoka kwenye maandishi mawili hasa. La kwanza ni mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 BK. Unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani hii, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, jamaa ya mitepe ya babu zetu. Unasema pia kwamba manahodha wa Kiarabu waliokuja hapo walikuwa wakioa na kuijua lugha ya wenyeji. La pili ni la Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya 2, anayeuweka mji nyuma kidogo ya bahari, kando ya mto. Angalia yasiyosemwa: hakuna anayetaja ukuta, mnara wala hekalu. Mwandishi wa mwongozo ule alikuwa mtu wa biashara, alieleza gati na bidhaa.

Wengine wameitafuta Rhapta Pangani, wengine Dar es Salaam. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyeisimamia Rufiji kwa nguvu, na kazi yake ndiyo iliyobadilisha mjadala. Alionyesha kwamba jamii za wakulima wafua chuma zilikuwa tayari pwani katika karne za mwanzo baada ya Kristo, siyo bara tu bali hata visiwani, Kwale na Juani iliyo jirani na Mafia, mahali ambapo hufiki bila chombo cha baharini. Na mwaka 1999 alitangaza shanga za kioo za asili ya Kirumi kutoka eneo la Rufiji. Shanga hazithibitishi jina la mji, ila zinathibitisha kwamba mkono wa biashara ile ulifika kwenu.

Maoni yangu ni haya. Rufiji ndiyo inayolingana vizuri zaidi na maelezo ya Ptolemy, lakini pia nadhani tunakosea tunapotafuta nukta moja kwenye ramani. Bandari ya delta iliweza kudumu miaka 300 kwa jina moja huku gati lake likihama kila mkono wa mto ulipojaa. Baharia wa Yemen aliyerudi na pepo za kaskazi alipaswa kuuliza mlango upi unaingilika mwaka huu. Tutapata Rhapta nyingi ndogondogo, zilizotawanyika, na baadhi ziko mita kadhaa chini ya mashamba.

Ukiona hilo ni dai la kujitetea kwa kukosa ushahidi, nikupeleke Uturuki, ambako jambo hilohilo limechunguzwa kwa zaidi ya karne. Mto Menderes, ambao Wayunani waliuita Maiandros, ulikuwa ukimwagika kwenye ghuba kubwa. Mileto ilikuwa bandari kubwa ya ghuba hiyo, na mwaka 494 KK meli za Wayunani na za Waajemi zilipigana karibu na kisiwa cha Lade, mbele ya mji. Leo Lade ni kilima katikati ya mashamba, na Mileto iko karibu kilomita 10 kutoka baharini. Sehemu ya ndani ya ghuba ilizibwa na tope ikawa ziwa, linaitwa Bafa. Wakulima walikuwa wamefyeka misitu ya milimani, na udongo wa milima ukashuka kuijaza bahari iliyowatajirisha.

Jirani yake, Priene, ndio mfano ninaoupenda kuliko yote kwa ajili ya swali lako. Mji huo ulihamishwa katika karne ya 4 KK na kujengwa upya kwenye mteremko wa mlima Mykale. Magofu hayo mapya ni mazuri mno na watalii huenda kuyaona. Priene ya kwanza, mji wa Kiyunani wenye historia iliyoandikwa, hadi leo haijapatikana. Inaaminika imelala chini ya tope la Menderes. Na Myus, mji mwingine wa bonde hilo, wenyeji wake waliuacha wakahamia Mileto, wakichukua hata mawe ya mahekalu yao. Pausanias, mwandishi wa kale wa Kiyunani, aliandika kwamba ghuba ilipogeuka kinamasi, mbu ndio waliowashinda. Basi kama mji wa mawe unaweza kupotea kabisa mahali palipochimbwa na wataalamu wa nchi nyingi, usiwaonee haya wazee wako kwa kukosa gofu.

Bahari nayo ina deni lake, si mto peke yake. Sofala, kule Msumbiji, ilikuwa bandari ya dhahabu iliyoipa Kilwa utajiri, na ilikaa kwenye mlango wa mto wenye mchanga usiotulia. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505. Mafungu yakahama, mawimbi yakala ufuo, ngome ikaanguka, na mawe yake yalitumika kujenga kanisa kuu la Beira. Kwetu, mji wa kale wa Kisimani Mafia uko kwenye rasi ya magharibi ya kisiwa, ukiitazama delta ya Rufiji uso kwa uso. Nadhani haukuwekwa hapo kwa bahati: ni mlango wa delta kwa mtu anayetaka kukaa nje ya tope. Sehemu kubwa ya mji huo imeliwa na bahari. Linganisha na Kua, kule Juani, uliojengwa juu ya mwamba wa matumbawe, ambako hadi sasa unapita katikati ya kuta. Hata Kilwa Kisiwani, pamoja na uimara wake, iliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko wa ufuo ulikuwa miongoni mwa sababu. Ilitolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa, ikiwemo kupanda mikoko.

Na hapo kwenye mikoko kuna jambo ambalo sipendi lisahaulike tunapousifu mji wa mawe. Vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni vyembamba, mara nyingi mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa sababu dari imekaa juu ya boriti na boriti ya mkoko haiwezi kubeba upana zaidi. Delta ilikuwa ghala la boriti hizo. Majahazi yalizipeleka hadi Oman na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kujengea, na biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Kwa hiyo usiitenge delta na Kilwa. Mchele, pembe na miti vilitoka kwenye tope, vikavuka maji, vikawa msikiti, nyumba na mali ya watu wa kwenye mwamba. Aliyekata boriti hana gofu, lakini kazi yake iko juu ya vichwa vya waliosali.

Unaweza kuuliza, sasa tunatafutaje? Hatuanzi na jembe. Tunaanza na bomba la chuma linalosukumwa ardhini kwa mikono, likatoka na mkanda wa tope usiovurugwa. Ukilifungua, tope la mikoko ni la kijivu cha samawati, limejaa vijizizi vyekundu vinavyooza, na harufu yake ni ya yai viza. Chini yake unaweza kukuta mchanga safi wenye vipande vya chaza: hapo palikuwa ufuo. Juu yake ukikuta udongo wa kahawia usio na chumvi, mto ulifika. Chavua ya mikoko iliyonaswa humo huonyesha msitu uliposogea kuelekea bara au baharini, na vipande vya mimea hupimwa umri kwa kaboni. Ukitoboa mashimo ya kutosha unaweza kuchora ufuo wa karne ya 1, na huo ndio tunaopaswa kuufuata. Kutembea kwenye ufuo wa leo ukitafuta bandari ya miaka 2,000 ni kupoteza muda.

Mimi ningeanza na matuta ya mchanga ya zamani yaliyobaki ndani ya delta na pembezoni mwake. Matuta hayo huhifadhi maji baridi juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo visima vyake hunyweka, na mtu wa kale alihitaji kisima kabla ya gati. Kisha ningepanda kwenye kingo za nchi ya juu, pale bonde linapoishia, kwa sababu anayelima bondeni huzika na kuhifadhi mahali pakavu.

Wewe una nafasi ambayo mimi sina. Waulize wajomba zako visima vya zamani viko wapi, hasa vile ambavyo hakuna anayejua nani alivichimba, na mkono upi wa mto uliokufa una jina ingawa sasa hauna maji. Waulize wanaolima kama jembe limewahi kuinua vigae vyenye michoro ya mistari, mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma) au shanga. Mkivipata msichimbe kuvifuata. Andika mahali, kina na tarehe, piga picha na kitu cha kupimia pembeni, kisha peleka taarifa Idara ya Mambo ya Kale au kwa wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kigae kilichotolewa bila kuandikwa kilitoka kina gani hakiwezi tena kutuambia mto ulikuwa wapi.